Muguu wa Emilienne na Namba za Radoni

Kilwa, tarehe 23 ya mwezi wa tatu, 2025

Emilienne, mama Pierrette, muke wangu,

Jessy alirudi jana toka kuuza samaki huko Ndola. Kabla mutumbwi haujagusa mchanga alipiga kelele toka ziwani: "Ba Zacharia, wamemupasua, yuko muzima!" Nilikaa chini palepale mbele ya batu. Walicheka, alafu mwanamuke mumoja akaniletea maji ya kunywa.

Nilifundisha batoto kuandika barua miaka thelathini, na leo sijui nianzie wapi. Niambie wewe mwenyewe kwa mukono wako, juu Jessy anajua samaki, hajui mifupa. Anasema wamekuingizia chuma kwenye nyonga na kukifunga na misumari kama mafundi wa mbao. Ni kweli? Unaweza kugeuka kitandani? Unakula?

Hapa nyumbani ile tetemeko ya tarehe 11 imeacha ufa mumoja kwenye ukuta wa chumba cha nyuma. Nimeuziba na udongo. Batu wote wa huku wako salama isipokuwa wewe. Nimefagia pale ulipoangukia. Mayai sita ya ile kuku yako ya madoa yalikuwa yamevunjika chini, nadhani yaliruka toka juu ya kabati wakati ardhi inatikisika. Sasa kuku amehamia chini ya kitanda chetu, anatagia upande wako.

Bado ninaenda nyuma ya shule kila asubuhi saa moja, ninafungua kifuniko cha shimo, ninasoma kwenye mashine namba ya ile gesi ya radoni inayopanda toka kwenye mawe, ninaandika kwenye daftari la Dada Taonga wa Lusaka pamoja na mvua iliyonyesha. Kazi hiyo unaijua, umechoka kuisikia. Sitaongeza neno.

Najua utauliza nitakuja lini. Pierrette anasema hospitali inaruhusu mutu mumoja tu wa kukutunza, na yeye anakaa palepale Ndola. Simu hazishiki upande wetu wa kisiwa, kwa hiyo Jessy amekubali kutubebea barua kila anaposafiri. Nitakuja. Mvua ipungue kwanza.

Wako,
Zacharia


Ndola, tarehe 4 ya mwezi wa ine

Papa Pierrette,

Barua yako inanuka samaki ya kukausha. Bamama ba vitanda ya jirani banauliza nani ameleta mboga. Niliisoma mara mbili, alafu nikaiweka chini ya muto na sista akaitoa akisema itanivutia nzi. Iko sasa ndani ya Biblia.

Ni kweli, baliniingizia chuma. Munganga alinionyesha picha: chuma moja imelala kwenye mufupa ya paja, na musumari kubwa imepita katikati mpaka kwenye kichwa ya nyonga. Nikamuambia, "Bwana yangu nyumbani hawezi hata kupigilia kiti, na wewe umenipigilia miye muzima." Alicheka mpaka akavua miwani.

Nikuambie kitu moja, usicheke. Siku tatu za kwanza nyuma ya operesheni akili yangu ilienda kutembea. Nilimuita Pierrette kwa jina ya dada yangu marehemu, nikamutuma aingize mbuzi ndani juu mvua inakuja. Mbuzi ya kwetu Pweto, ya wakati tulikuwa bado wasichana! Mutoto alilia. Banganga banasema inafikaka kwa bazee, inapita. Imepita. Lakini nilisikia haya sana, miye mutu ya akili.

Muguu inaendelea muzuri. Bananisimamisha na chuma ya kutembelea, hatua ine, alafu kitandani. Hapana kuhangaika.

Kama muke yako ya pili, ile mashini, anakukataza kusafiri, basi kaa naye. Miye siwezi kuonea shimo wivu.

Bon, niulize kitu. Siku ile bananibeba kwenye mutumbwi mpaka ng'ambo, Kashikishi, ulishika mukono yangu njia yote, lakini haukuniangalia machoni hata mara moja. Juu ya nini?

Emilienne yako


Kilwa, tarehe 20 ya mwezi wa ine, Pasaka

Emilienne wangu,

Leo kanisa lilijaa mpaka inje. Padri alitoka Kashikishi, akasimamisha batu wote wamuombee "mama yetu aliyeangushwa na ardhi." Sauti za bamama zilipanda hivi kwamba sikuweza kuomba mimi mwenyewe. Nilitoka, nikasimama nyuma karibu na ukuta mpaka wimbo ukaisha.

Uliniuliza kuhusu macho. Upepo ulikuwa mingi siku ile, na maji yalikuwa yanaturukia.

Nimekutumia muto mudogo wa pamba. Jessy aliushona mwenyewe, anasema fisio, wale wa mazoezi ya muguu huko hospitali, walimuambia ni wa kuweka katikati ya magoti wakati wa kulala. Uutumie.

Wiki hii sikwenda kwenye mashine siku ine. Nilikuwa na uchovu. Dada Taonga atakasirika akiona nafasi tupu kwenye daftari, lakini na akasirike.

Mvua imepungua. Nitakuja nikimaliza kurekebisha paa.

Zacharia


Ndola, tarehe 6 ya mwezi wa tano

Papa Pierrette,

Nimepata muto. Asante kwa Jessy.

Naandika kidogo juu mukono imechoka. Muguu inaendelea. Fisio anakuja kila siku, mutoto mumoja ya kike, mudogo sana, lakini ana nguvu ya mwanaume ya kuvuta nyavu. Anasema, "Amai, hatua moja ingine," na miye ninamutukana kwa Kiswahili juu hajui. Jana aliniambia bibi yake ni mutu ya Pweto. Kumbe alisikia yote.

Rekebisha paa pole pole. Usiache kazi yako juu yangu. Wiki nane hivi zimepita bila wewe, zingine nazo zitapita.

Emilienne


Ndola, tarehe 12 ya mwezi wa tano

Papa,

Mama hajui kama ninakuandikia. Amenikataza, na ameniapisha kwa Biblia. Mungu atanisamehe.

Muguu hauendelei vizuri. Tangu mwisho wa mwezi wa ine alikuwa analia akisimama, akidanganya ni tumbo. Nikaona muguu wa kushoto unakuwa mufupi kuliko mwingine. Walimupiga picha tena. Ile musumari kubwa imekata mufupa na kutoka kwa juu, kichwa cha nyonga kimeharibika. Munganga alinieleza pole pole: hakuna mutu aliyekosea, mifupa ya mutu mwenye miaka sitini na nane inaweza kuwa laini mpaka chuma kinapita ndani yake. Sasa inabidi wamufungue tena, watoe chuma chote na kumuwekea kichwa kipya cha chuma. Operesheni ni tarehe 22. Ni nzito kuliko ile ya kwanza. Nilisaini mimi na yeye.

Papa, sikukulea mimi, wewe ndiye uliyenilea, kwa hiyo sitakugombeza. Lakini kila Jessy akiingia kwenye chumba, mama anaangalia nyuma yake kama kuna mutu mwingine anafuata. Alafu anauliza habari za samaki.

Anasema unapenda mashine. Mimi nilikulia kwenye nyumba yenu, siamini. Kuna kitu gani?

Mutoto wako,
Pierrette


Kilwa, tarehe 16 ya mwezi wa tano

Emilienne,

Usimukasirikie Pierrette. Amefanya yale ningetaka afanye, na mimi ndiye niliyedanganya wa kwanza, kwa hiyo nisikilize.

Tarehe 8 ya mwezi wa tatu namba ya radoni ilikuwa elfu kumi na moja. Tarehe 9 ilikuwa elfu kumi na tisa. Tarehe 10 ilikuwa elfu ishirini na nane. Nilifuta kioo cha mashine na shati nikifikiri nimesoma vibaya. Sikuwa nimesoma vibaya. Unajua kwa nini waliweka ile mashine: kuna batu wenye elimu wanaofikiri kwamba ardhi ikijikaza kabla ya kutetemeka, gesi hiyo inatoka kwa wingi. Dada Taonga alitufundisha siku ya kwanza: "Andika, usihubiri." Alisema namba inapanda na kushuka kwa sababu mingi, na hatuna haki ya kutisha batu. Na kweli, ilishapanda mara zingine na hakuna kilichotokea.

Lakini mara hii niliogopa, Emilienne. Jioni ya tarehe 10 ulikuwa unasonga bukari. Nilisimama mulangoni na daftari mukononi. Ukaniuliza, "Unataka nini?" Nikasema, "Hakuna." Ukaniambia basi nitoke kwenye mwanga. Nikatoka.

Kama ningesema tu, "Kesho tukae inje, usiingie ndani," ungenicheka mwezi muzima, lakini ungekaa inje. Nilichagua daftari. Kesho yake nilikuwa upande wa pili wa kisiwa kwenye mukutano wa kanisa, ardhi ikatetemeka, nikakimbia njia yote nikijua tayari. Nilikuta wamekulaza kwenye mukeka.

Njo maana sikukuangalia machoni. Njo maana paa halijaisha, juu hakuna kitu kwenye paa cha kurekebisha. Kila siku nimesema nitakuja, na kila siku nimeona uso wako ukiniuliza, "Ulijua?"

Nilijua. Sasa umejua na wewe.

Daftari nimelifunga, sitasoma tena ile namba. Leo mutumbwi wa Jessy umejaa samaki, nitapanda mutumbwi wa kwanza utakaokuwa na nafasi. Kama hutaki niingie, nitakaa inje kwenye benchi, lakini nitakuwa pale.

Zacharia


Ndola, tarehe 20 ya mwezi wa tano

Zacharia,

Nimesoma barua yako mara tatu. Ya kwanza nililia. Ya pili nilikasirika. Ya tatu nilicheka mpaka sista akakuja kuangalia kama akili imeenda tena kutembea.

Papa Pierrette, sikia. Ardhi haikuniangusha.

Nilianguka saa ine ya asubuhi. Ardhi ilitetemeka karibu na saa sita. Unakumbuka uliniambia mara ngapi nisipande juu ya kiti? Ile kuku ilikuwa inatagia juu ya kabati. Wewe umeenda kwenye mukutano, miye nikasema bwana hayuko, ngoja nitoe mayai mbio mbio. Nikapanda kwenye ile kiti ya muguu mubovu. Nilikuwa na mayai sita ndani ya kitenge. Kiti ikageuka. Nilisikia nyonga inalia ndani, "ka!", na sikuweza tena kusogeza hata kidole.

Nililala pale karibu masaa mawili. Niliita. Bamama bote balikuwa kando ya maji na samaki, banaume kwenye mukutano. Kuku ikashuka ikaanza kula mayai yake mbele ya macho yangu. Nilifikiri nitakufa nikiangalia kuku.

Alafu ardhi ikatikisika, batu bote bakakimbia juu kuangalia manyumba yao, bakaanza kuhesabiana, miye siko. Njo bakaingia. Bila ile tetemeko ungenikuta jioni, na kwa ile hali sijui ungenikuta namna gani. Ile ardhi yako haikunitupa. Iliniokota.

Jessy aliponiona alipiga kelele, "Tetemeko imemuangusha mama!" Miye nikanyamaza juu nilisikia haya. Nikasema nitamuambia Zacharia kwenye mutumbwi. Kwenye mutumbwi haukuniangalia, nikafikiri umeona kiti imeanguka na mayai, umejua yote, umekasirika kunikataza mara tatu na sikusikia. Nikanyamaza tena. Alafu padri akaniombea, alafu kanisa muzima. Nitasahihisha kanisa muzima namna gani nikiwa nimelala chali Ndola?

Donc wewe ulifikiri nitakuuliza "Ulijua?" na miye nilifikiri utaniuliza "Sikukukataza?" Miezi mbili. Pierrette ana haki ya kutuchapa sote.

Sasa nisikie jambo ingine. Kesho kutwa bananifungua tena. Niliandika muguu inaendelea juu nilifikiri mashini imekushika, nikasema basi sitamulazimisha mutu. Sasa ninakulazimisha. Ninaogopa, Papa Pierrette. Mara ya kwanza sikuogopa juu maumivu haikunipatia nafasi. Mara hii nimekuwa na siku kumi za kufikiri. Kuja. Hapana kukaa kwenye benchi.

Emilienne yako, ya kuku


Ndola, tarehe 8 ya mwezi wa sita

Kwa Dada Taonga, kwenye ofisi ya mashine za ardhi, Lusaka

Mupendwa Dada,

Mimi ni Zacharia wa Kilwa, musomaji wa mashine yako. Utakuwa umeona kwamba namba hazijakufikia. Kwenye daftari kuna siku ine tupu za mwezi wa ine, na tangu tarehe 16 ya mwezi wa tano hakuna kitu. Ninakuandikia kusema kwa nini, juu umenitendea vizuri na sitaki ufikiri ninalala.

Nilikuwa nimeamini kwamba namba ya mwezi wa tatu ilikuwa onyo, na kwamba nikanyamaza, na kwamba muke wangu akavunjika nyonga kwa sababu hiyo. Nilimuandikia nikamuambia. Jibu lake lilinikuta sokoni Kashikishi, nimeshavuka, ninangoja basi. Jessy alikuwa ametoka Ndola na basi ingine, akanipatia barua tumesimama katikati ya bamama wa samaki. Muke wangu alianguka masaa mawili kabla ya tetemeko, toka juu ya kiti, akifuata mayai. Nilicheka na kulia pamoja. Mama mumoja aliyekuwa anauza samaki wadogo wa chisense akamuuliza Jessy kama nimefiwa. Jessy akasema, "Hapana mukwai, amerudishiwa muke."

Nilifika Ndola tarehe 24. Walikuwa wameshamaliza operesheni ya pili siku mbili kabla. Aliniangalia toka mulangoni mpaka kitandani, sikuondoa macho. Alisogea kidogo tu nipate pa kukaa.

Kesho yake asubuhi alikuwa ameketi, ananigombeza juu ya shati langu kukosa vifungo, alafu akanyamaza katikati ya neno. Akashika kifua. Midomo ikabadilika rangi. Pierrette akakimbia kuita, mimi nikabaki namushika, nikimuambia, "Maliza, maliza kunigombeza," kama mujinga. Wanganga walikuja watatu. Wanasema damu ilikuwa imeganda ndani ya muguu, kipande kikapanda mpaka kwenye mapafu. Inafikaka kwa batu wa nyonga wanaolala mingi, hata wakipewa sindano za kuizuia. Walimuwekea hewa ya chupa usoni na dawa kwenye mushipa. Siku sita hatukujua. Munganga alituambia wazi, "Tufanye yetu, na ninyi mufanye yenu," nikaelewa anataka tuombe.

Siku ya saba alifungua macho akaonja uji tuliomupa na kijiko. Akasema, "Sukari." Pierrette alitoka mbio kutafuta sukari, akarudi na soda, keki na machungwa, na hakukumbuka sukari.

Sasa anapumua mwenyewe. Muguu wa kushoto utabaki mufupi, upana wa vidole viwili.

Dada, nina swali moja. Muke wangu ameniondolea muzigo wake, lakini kuna batu wengine kwenye kisiwa, na nyumba zingine zingeweza kuanguka. Kama ningesimama tarehe 10 na kuwaambia wote walale inje, ningekuwa nimesema kweli? Nijibu kama mutu mukubwa, usinibembeleze.

Zacharia, mwalimu mustaafu


Lusaka, tarehe 17 ya mwezi wa sita

Ba Zacharia, mwalimu wangu,

Mutanisamehe, Kiswahili changu ni cha Kasenga na cha sokoni, nilikipata nikitafuta mawe upande wa Congo. Nimesoma barua yenu kwenye kazi nikafunga mulango.

Nawajibu bila kubembeleza. Nimefungua namba zenu zote, miezi kumi na saba. Radoni ilipanda mara mbili na zaidi, kwa siku mbili tatu, mara kumi na mbili. Matetemeko tuliyopima karibu na ziwa ni matano. Hivi viwili vilikutana mara moja tu, hiyo ya mwezi wa tatu. Matetemeko mane yalikuja wakati namba imelala. Mara kumi na moja namba ilipanda na hakuna kitu.

Alafu muangalie ukurasa wenu wenyewe. Tarehe 8 na 9 muliandika mvua kubwa sana. Udongo ukilowa juu, unafunga kama kifuniko, gesi inakusanyika chini yake na mashine yetu inaikuta hapo. Inawezekana ilikuwa mvua tu. Inawezekana ilikuwa ardhi. Inawezekana ilikuwa vyote viwili. Mimi nimesoma mambo haya miaka tisa na siwezi kuwaambia ni ipi.

Donc kama mungewaambia batu walale inje, mungesema kitu musichojua. Na kama mungefanya hivyo mara kumi na mbili, mara ya tatu hakuna mutu angewasikia. Niliwaambia "andika, usihubiri" nikaenda zangu na gari, nikawaacha peke yenu na ile namba. Hilo lilikuwa kosa langu. Sikufikiri kwamba musomaji wangu anakula na kulala juu ya ardhi anayoipima. Mwezi wa nane nitakuja Kilwa kuzungumza na batu wote: ardhi ikitikisika watoke namna gani, waweke nini mbali na vitanda, nyumba gani zina kuta mbaya. Hiyo haingoji namba yoyote.

Siku tupu kwenye daftari si kitu, nimeziandika "muke mugonjwa." Mukitaka kuacha kazi, ninaelewa. Mukitaka kuendelea, hakuna mutu mwingine kwenye ziwa lote anayeandika mvua kwa uangalifu hivyo.

Muwasalimu mama. Muwaambie mimi pia nina kuku.

Taonga


Kilwa, tarehe 24 ya mwezi wa nane

Pierrette, mutoto wetu,

Tumefika siku ya Alhamisi, na sijaandika mpaka leo kwa sababu nyumba haijakuwa na nafasi ya kuweka hata karatasi. Kila mutu ameleta kitu. Tuna mihogo ya kutosha mpaka Krismasi.

Ziwa lilikuwa tulivu. Kwa vile mama yako hawezi kuketi chini kabisa kwenye mutumbwi, fisio alikataza nyonga kukunjwa hivyo, Jessy aliazima kiti kikubwa cha padri huko Kashikishi, kile cha mikono, wakakifunga na kamba katikati ya mutumbwi. Aliketi juu yake njia yote, akipungia mukono kila mutumbwi tuliopita nao. Wavuvi walivua kofia. Mumoja aliuliza kama ni askofu mupya.

Viatu vyake ni vizuri. Fundi aliongeza soli ya kushoto vidole viwili kamili, na akisimama huoni tofauti.

Pwani bamama wane waliingia majini wakamubeba na kiti chake mpaka mchanga mukavu. Walitaka kuendelea naye mpaka nyumbani. Akasema, "Inatosha. Niwekeni hapa." Akaomba fimbo yake. Batu wote wakasogea kando. Nilisimama pale fisio alinionyesha, nyuma kidogo, upande wa kushoto, mukono wazi karibu na mugongo bila kumugusa. Tukaanza kupanda. Nilihesabu hatua mia moja na arobaini na tatu, toka majini mpaka mulangoni. Alisimama kupumzika mara moja tu, pale kwenye jiwe la kufulia. Hakuyumba. Nilimuangalia kila hatua, sikuondoa macho, ningemudaka kama angeinama hata kidogo.

Leo kanisani ameomba ruhusa kusema. Amewaambia ukweli wote, kiti, mayai na yote. Batu walicheka mpaka padri akakaa chini. Alafu mwanamuke mumoja akasimama akasema tutashukuru hata hivyo, juu maombi yalifika, hata kama yalipita njia ya kuku.

Dada Taonga atafika wiki ijayo. Nimeanza tena kwenda kwenye shimo kila asubuhi saa moja. Namba ya leo ni elfu kumi na mbili na mia tatu, mvua hakuna.

Ninamupatia mama kalamu aongeze salamu zake, alafu Jessy aondoke na barua.

Papa yako,
Zacharia

Pierrette, ni miye mama. Nilimuambia aende kuchota maji kwanza juu sitaki asome hii.

Papa yako hadanganyi, lakini hakuona vizuri. Nilisimama mara tatu, hapana mara moja. Kwenye jiwe ya kufulia muguu ilinikataa kabisa, nikageuka nimuombe mukono. Nikamuona. Alikuwa nyuma yangu, mukono wazi vile anasema, midomo inatembea, anaomba, na macho yote mbili amefunga. Mutu ya kunidaka! Anapanda kilima kama kipofu, na mbele yake kuna kisiki.

Sikumuambia kitu, na wewe usimuambie. Nilipita kando ya kile kisiki pole pole, nikigonga fimbo kwa nguvu, asikie pa kuweka muguu.